Uzito wa Tanki Uliwekwa Ndani, Haukusomwa

Admin, jina langu ficha, umri wacha: niko sabini na moja. Shule niliachia darasa la tatu, lakini stendi za tanki za maji zenye nimechomelea kutoka Kinoo mpaka Waithaka, hakuna injinia anaweza kumaliza kuzihesabu. Na hakuna moja iliwahi kuinama.

Binti yangu wa mwisho anaandika programu za kompyuta. Alinitengenezea moja ya karakana: unajaza urefu wa stendi na uzito wa tanki, inakutolea karatasi ya vyuma vya kukata. Nikajigamba kwa wateja ati kompyuta yangu inapima maji. Siku moja akaniambia ule uzito unawekwa tu ndani, kwa sehemu yenye waandishi wa programu wanaita private, yaani ya ndani isiyoonekana nje, na hata huko ndani hakuna mahali unasomwa. Vyuma vilikuwa vinahesabiwa kwa urefu peke yake.

"Baba, ama niutumie kwa hesabu, ama niutoe kabisa. Ukikaa hivyo mtu ataamini unafanya kazi."

Nikamwambia asiguse. Hesabu ya uzito iko kwa kichwa yangu, na wateja wanapenda kuona hiyo sehemu. Alirudia mara tatu. Ya tatu nikamuuliza kama ni yeye alinifundisha kuchomelea.

Halafu nikaenda mazishi nyumbani Kakamega. Mwenzangu, tumefanya kazi pamoja miaka thelathini, akapata tanki kubwa ya kuwekewa stendi Kitisuru. Sikuwa nimemwambia uzito hausomwi. Akaujaza, akakata vile karatasi ilisema. Tanki ilipojaa maji stendi ikalala, na yeye alikuwa chini. Mguu wa kushoto ulikatwa.

Hospitalini bibi yake akauliza binti yangu, "Si kompyuta yako iliambiwa uzito?"

Binti akaniangalia. Aliningoja, jameni. Mimi nikasema, "Watoto wa siku hizi wanaharakisha kazi."

Akajibu tu, "Sawa, Baba." Akatoka.

Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Nasikia aliacha programu, anauza nguo. Kanisani wanamwita yule alimkata mzee mguu, na mimi nimeketi hapo mbele, kimya. Mwenzangu ananiita ndugu, ananishukuru vile namtembelea.

Sijawahi kuomba mtu msamaha, sijui unaanzia wapi. Nianze na binti ama na mwenzangu? Nishaurini. Nasoma polepole lakini nitasoma comment zote, hata za matusi.