Siku Kanisa Lilipomwombea Sabina wa Televisheni

Mkitaka kunicheka mcheke tu, kwa sababu hata mimi nikiwa peke yangu shambani nachuma chai huwa nakumbuka ile siku, nasimama katikati ya mistari nafunika uso, na hakuna mtu hata mmoja anayeniona. Ni mambo ya miaka ya tisini, wakati huku kwetu nje kidogo ya Sotik nyumba yenye televisheni ilijulikana kwa mti mrefu wa mkaratusi uliosimamishwa uani na antena juu yake, na huo mti ulikuwa kwetu. (Mume wangu aliukata mrefu kupita kiasi, mpaka watu wakawa wanautumia kuelekeza wageni wa majirani.)

Mume wangu, Baba Kiprotich, ni mzee wa kanisa, na siku hizo alikuwa dereva wa kiwanda cha chai upande wa Kericho, anakuja nyumbani Jumamosi na kurudi Jumatatu. Siku aliyoleta hiyo televisheni, ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari, aliniambia mbele ya watoto, "Mama Kiprotich, hii kitu ikituletea aibu mara moja tu, inarudi Sotik kwa mwenye duka." Nikasema sawa, mimi nataka habari na kwaya tu.

Uongo mtupu. Mimi nilikuwa nataka Wasiolala.

Wasiolala kilikuwa kipindi cha Alhamisi jioni, kabla ya habari, mchezo wa familia moja iliyokaa katika nyumba ya zamani sana, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kisima, na ndani ya kisima mizimu inayoita watu kwa majina, na ukiitika umekwisha. Kilianza kitinda mimba wangu akiwa bado ananyonya, na sasa alikuwa anaandika jina lake mwenyewe na kile kisima bado kinaita. Tulikuwa tumewalilia watu wengi humo ndani, lakini hakuna aliyetuumiza kama Sabina, yule msichana mpole aliyeolewa katika ile nyumba bila kuambiwa habari za kisima, ambaye Alhamisi moja alisikia sauti ya marehemu mama yake ikimwita, akaitika, akateleza, na papo hapo majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Jamani! Nililala bila kula.

Kesho yake pale kituo cha kuuza chai, tukingoja lori huku tukitoa majani magumu kwenye magunia, vita vikaanza. Mpinzani wangu alikuwa Mama Nyaboke, jirani yangu aliyetoka upande wa Kisii akanunua shamba karibu na letu, mwanamke mwema kabisa isipokuwa mdomo. (Alikuwa anatazama Wasiolala kwangu, kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, halafu ananipinga.)

"Sabina amekufa," akasema. "Aliitika. Nani aliwahi kuitika akarudi?"

"Wewe ulisikia maji?" nikamuuliza. "Wengine wote wakianguka tunasikia maji, chubwi! Sabina hatukusikia kitu. Ameshika mahali."

"Ameshika wapi na kisima ni laini?"

Karani akaacha kupima, wachumaji wakagawanyika pande mbili, wengine hawajawahi hata kuiona hiyo televisheni lakini wana msimamo mkali, na mwisho tukakubaliana kwamba atakayeshindwa atamchumia mwenzake chai asubuhi nzima, watu wote wakiona. Hapo ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini Mama Nyaboke akaongeza, "Na kama una imani hivyo, si umwombee kanisani!" Kituo kizima kikacheka, na mimi kwa kiburi changu nikasema nitamwombea, tena kwa sauti.

Jumapili ikafika. Mama Nyaboke hakuwepo, maana yeye ni wa kanisa la Jumamosi, lakini nilijua ataambiwa tu. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye ombi, na mimi nikasimama kwa haraka, nikiwa nimepanga kusema jina tu na kukaa. "Naomba tumkumbuke dada Sabina," nikasema, "alitumbukia kisimani na hatujui kama yuko hai."

Kanisa zima likashtuka. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia. Mchungaji akauliza huyo dada anapatikana wapi, na mdomo wangu (sijui nani aliutuma) ukajibu, "Alhamisi jioni huwa yuko kwangu." Haukuwa uongo, nyinyi semeni kama ulikuwa uongo! Mchungaji akafumba macho akasema, "Basi Alhamisi jioni tutaenda sote kuifariji hiyo nyumba." Vijana wanaokujaga kutazama kwa dirisha langu walikuwa wameinama chini ya benchi wanatetemeka kwa kicheko, na mume wangu kule mbele aligeuka akanitazama kwa upendo ambao sikuwa nimeuona tangu harusi.

Nilijaribu kurekebisha, msidhani sikujaribu. Mchungaji nilimkosa, alikuwa ameenda mkutano huko Sigor. Nikaamua nianze na Kogo, yule bibi mzee ambaye kwetu hapa akikubali jambo wamama wote wamekubali, lakini nilipofika kwake nikamkuta amekaa mlangoni, midomo imekauka.

"Mimi sili kitu," akaniambia, na kwa ulimi wake kila b ni p, "mpaka nisikie huyo mtoto Sapina ametoka kwa shimo."

Nikarudi nyumbani na maneno yangu yote mdomoni.

Alhamisi wakaja. Pikapu ya mchungaji ilijaa wamama, unga, sukari, chapati kwenye beseni, na Kogo kiti cha mbele akipakata kibuyu cha maziwa lala kama mtoto mchanga. Nyuma yao Baba Kiprotich, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini ili asimame na mke wake mwenye huruma. Wakaimba wimbo mmoja, wakaimba wa pili, na saa inakaribia. Mume wangu akaninong'oneza, "Huyu Sabina ni wa boma gani hasa?" Nikajifanya nakohoa.

Hapo ndipo Mama Nyaboke akaingia, kama kila Alhamisi, akaona mchungaji, akaona chapati, akaelewa kila kitu mara moja. "Mama Kiprotich," akasema kwa upole wa kuniua, "si uwashe? Watu wamekuja kumwona Sabina."

Nikawasha. Sikuwa na njia nyingine. Picha ikatokea, familia ya ile nyumba imevaa nguo za matanga, na mezani picha ya Sabina imezungukwa na maua. Nikanyoosha kidole, nikasema, "Ndiye huyo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mchungaji akachukua Biblia yake na kofia yake. Baba Kiprotich akasimama, na kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele akasema, "Kesho asubuhi hii kitu inarudi Sotik." Machozi yakanitoka, na niseme ukweli, sikulia kwa toba, nililia kwa sababu televisheni ingeenda nami nisijue kama Sabina yuko hai.

"Ngojeni," Kogo akasema, na hakuinuka. "Mimi nina njaa kwa ajili ya huyu. Hakuna mtu anaenda mahali mpaka nione mwisho wake."

Nani atabishana na Kogo? Wakakaa. Mwanzoni walikaa kwa hasira, halafu mama mmoja akauliza yule mwenye kanzu ni nani, nikamjibu ni shemeji wa Sabina na ni mbaya, mwingine akauliza mbona mama mkwe halii, na kabla hujajua wamama wa kanisa wamegawanyika pande mbili, kuna wa amekufa na wa bado, na mchungaji ameshika kofia mlangoni lakini shingo imeingia ndani. Kwenye kioo shemeji akafika kisimani na taa. Akainama. Kitu kikasogea kule chini.

Na picha ikaanza kupungua. Ikawa kama sahani, ikawa kama kikombe, ikazima. Betri!

Kelele zilizotoka katika ile nyumba zilisikika mpaka kituo cha chai. Nikasema basi, nimekwisha. Lakini tukasikia kishindo nje, boneti ya pikapu inafunguliwa, na mchungaji akaingia mbio na betri ya gari lake kifuani, grisi kwenye kola nyeupe, anasema, "Baba Kiprotich, shika hii waya! Nyekundu! Nyekundu kwanza!" Na mume wangu, yule wa kesho asubuhi Sotik, akapiga magoti akafunga waya kwa meno.

Picha ikarudi. Kisima, taa, jiwe. Halafu mkono. Mkono ukashika ukingo, ukateleza, ukashika tena, na uso wa Sabina ukatoka, umejaa matope, anapumua!

Jamani, sisi tulishinda siku hiyo. Wamama waliruka, benchi likavunjika, Mama Nyaboke akashika kichwa, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Baba Kiprotich, "Ametoka! Ametoka! Nilisema!" (hakuwa amesema kitu). Kogo akainua mikono juu akalia, "Asante Papa," kisha akaomba chapati, akazila kwa maziwa lala yake, na sisi sote tukala naye chakula cha msiba kwa furaha.

Televisheni haikwenda popote. Kesho yake Mama Nyaboke alinichumia chai mbele ya wote, na mimi nimekaa kwenye kivuli nimekunja miguu kama mke wa chifu, ingawa mpaka mstari wa mwisho alikuwa analalamika kwamba aliyetoka si Sabina, ni mzimu uliovaa sura yake, na eti nimtazame vizuri machoni. (Nilimtazama. Sikuwahi kumwambia nilichoona.)

Nilidhani yamekwisha. Jumapili tukawa na mgeni, mhubiri mkubwa kutoka Sigowet, akauliza kama kuna mwenye ushuhuda, na Kogo akasimama kwa fimbo yake. "Tuliomba kwa ajili ya Sapina aliyeanguka kisimani," akasema, "na mimi kwa macho yangu nimemwona akitoka." Kanisa likalipuka kwa makofi. Mhubiri akapangusa machozi, akatangaza kwamba huyo dada ni lazima aletwe Sigowet kwenye mkutano mkubwa, asimame jukwaani aeleze mwenyewe, na akauliza ni nani anaweza kumfikishia mwaliko.

Mume wangu akamtazama mchungaji, mchungaji akatazama mabati. Mimi nikainamisha kichwa nikaomba bila kufungua mdomo, na tangu siku hiyo maombi yangu yote huwa ni ya namna hiyo.