Kofia ya Kochi

Sweta ile niliipata Gikomba, kwenye soko la mitumba, chini kabisa ya rundo ambalo wenzangu walikuwa wamelichambua asubuhi nzima. Ilikuwa ya mwanamume mnene, ya njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji, na kiwiko kimoja kilikuwa kimetoboka. Muuzaji akaniambia, "Madam, hiyo itamkaa mzee vipoa sana." Niliigeuza ndani nje nikaangalia mshono wa ubavuni, kwa sababu anayetafuta uzi haanzi na rangi. Sweta iliyokatwa kwa mashine ukiifumua inakupa vipande vifupi visivyofaa hata kufungia fungu la sukuma wiki. Hii ilikuwa imefumwa kipande kwa kipande kisha ikaunganishwa, kwa hiyo ukiipata ncha moja unavuta tu mpaka kifua chote kinaisha.

Hiyo ndiyo starehe yangu. Wengine wana vipindi vyao vya televisheni, mimi napenda kuvuta uzi. Nilirudi nayo nyumbani kwetu mtaa wa Tena, nikaifumua, uzi nikaufua mpaka harufu ya robota ikatoka, nikautundika kwenye balkoni na kuufungia chupa ya maji kwa chini ili mikunjo inyooke. Ulining'inia hapo kati ya magunia yangu ya mboga, nami nilikuwa nikiupita naugusa kama mtu anayepapasa paka.

Wakati huo sikujua kwamba nina mimba. Nilipojua, furaha haikuja. Kilichokuja ni woga, tena ulikaa tumboni pale pale alipo mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika kabla ya hiyo. Ile ya kwanza nilikuwa nimeifumia kila kitu, gauni, soksi, shali, vyote vyeupe. Vilipobaki bila mwenyewe, Mama alikuja akavitia kwenye kiondo chake, akampelekea msichana mmoja kule kwetu milimani aliyekuwa amejifungua. Hatukulizungumzia tena jambo hilo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi safari hii nilikuwa nikiingia chooni nimefumba macho, nisije nikaona damu.

Daktari alisema nilale. Nisiinue ndoo, nisifue, nisipande ngazi. Sisi tunakaa ghorofa ya nne, kwa hiyo kutopanda ngazi ni kutotoka kabisa. Mume wangu alisogeza kitanda mpaka sebuleni, kando ya mlango wa balkoni, ili niwe nayaona magunia yangu: sukuma, dania, na mnyanya mmoja mkaidi uliokuwa ukitoa maua bila kuzaa. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini nilimwelekeza kumwagilia. Mimina shinani, usirushie majani. Hiyo ya pembeni inapenda maji kidogo. Alivumilia, kisha siku moja akaweka kopo chini. "Babe, hizi ni sukuma ama ni watoto wa boarding?"

Nilicheka kwa uangalifu. Hata kucheka nilikuwa naogopa.

Mikono ikikaa bure, kichwa hufanya kazi mara mbili, na kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi mbaya. Nilitaka kufuma. Lakini kwetu mtoto hatayarishiwi nguo kabla hajazaliwa, na Mama alinikumbusha hilo katika kila simu, hata nilipokuwa nimempigia kumuuliza habari za mbuzi. Jirani wetu wa chini, mwanamke wa Mombasa anayefuma kofia za kiume, alipanda kuniletea uji akaziona sindano zangu mezani. "Mwanangu," akasema, "usikate kanzu, mwana hajazaliwa." Watu wa bara na watu wa pwani hawakubaliani hata jinsi ya kupika wali, ila hapo wakawa kitu kimoja.

Basi nikafuma kwa kujificha. Nilianza kofia, ndogo ya kutosha ngumi yangu, kwa ule uzi wa njano. Nilijiambia kwamba kofia ambayo haijafungwa mishono ya juu si kofia, ni uzi tu uliokaa vizuri. Ikikaribia kwisha, nilitoa sindano na kuvuta mpaka yote ikaisha. Kesho yake nikaanza upya. Mtoto akicheza tumboni nilifuma haraka. Akinyamaza nilisimama, sindano hewani, nikamngoja. Uzi ulifumuliwa mara nyingi mpaka ukaota manyoya, na sikuwahi kuufikisha utosini.

Mama alikuja Jumamosi moja bila kusema, na gunia la mbolea ya mbuzi ambalo alijigamba kwamba liliwafanya abiria wafungue madirisha njia nzima. Alinikuta nimelala na kofia imebakiza mistari michache.

"Hiyo ni nini?"

"Kitambaa cha kochi."

Akaitazama. "Kochi gani lina kichwa?"

Mume wangu aliangua kicheko jikoni. Mama hakucheka. "Fumua," akasema.

"Mama, tafadhali."

"Fumua nikikuangalia."

Nilikuwa na hasira za kuweza kumrushia sindano zenyewe. Lakini nilikuwa naogopa kuliko nilivyokuwa nimekasirika, kwa hiyo nikavuta. Alisimama mpaka mstari wa mwisho ukafunguka, kisha akaenda balkoni na mbolea yake, akanipa mgongo, akachimba kwenye magunia muda mrefu kuliko sukuma zilivyohitaji.

Nilikuwa bado nazungusha uzi vidoleni nilipohisi maji yanatoka. Wakati wake haukuwa umefika, haukuwa hata karibu. Nilimwita Mama kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alikuja na mikono yake imejaa samadi, akaniona, akakaa chini sakafuni kwanza. Halafu akainuka. Mume wangu na jamaa wa ghorofa ya tatu walinishusha nimekaa kwenye kiti cha plastiki, jirani wa chini akitangulia na dua, Mama akija nyuma huku akisema neno moja tu kwa lugha yetu, "Ngoja, ngoja," sijui kama alikuwa akiniambia mimi au mtoto.

Alizaliwa hospitalini kabla ya jua kushuka. Alilia kidogo, kama paka mchanga aliyefungiwa kabatini, kisha akanyamaza wakambeba. Muuguzi alitokeza kichwa mlangoni. "Mama, nipeni kofia ya mtoto. Kofia na soksi, haraka, anapoteza joto."

Mama alifungua kiondo chake. Alikiangalia ndani, akakifunga.

"Hatukuja nayo," akasema.

Muuguzi hakutugombeza. Alichukua soksi mpya kwenye droo yao, akaikata, akaifunga fundo upande mmoja, ikamfunika mtoto mpaka machoni. Nililala pale nikikumbuka uzi wa njano uliobaki sakafuni kwangu, na sikuweza kumtazama Mama, wala yeye hakuweza kunitazama.

Alikuwa msichana. Siku za kwanza alikuwa kwenye mashine ya joto, kisha wakamleta wakamfunga kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, kwa leso iliyokazwa. Muuguzi alinieleza kwamba watoto waliozaliwa mapema hivyo husahau kupumua. Alilisema kwa upole, kama vile kusahau mwavuli. "Ukiona amenyamaza sana, mkune unyayo. Atashtuka, ataendelea." Tangu hapo kidole changu hakikubanduka kwenye unyayo wake. Nilikula kwa mkono mmoja. Usingizi niliuogopa kama mwizi. Alinyamaza, nikamkuna, akavuta pumzi, na mimi nikavuta yangu.

Mama alikuwa amerudi shambani, na kwenye simu alizungumza habari za viazi tu. Kisha akaja saa ya kuona wagonjwa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akatoa sindano na uzi mpya mwekundu, akaanza kufuma mbele ya watu wote.

Damu ilinipanda kichwani. "Sasa ndiyo unafuma? Amevaa soksi kichwani, Mama. Soksi!"

"Siku ile ya kufumua alikuwa hajalia," akasema. "Sasa ameshalia."

Nilitaka kumjibu vibaya, ndipo nikaiona ile kazi iliyokuwa mapajani mwake. Ilikuwa pana. Ilifunika magoti yake yote mawili na bado ilikuwa ni kifua tu.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mama, hiyo inamtosha msichana wa darasa la tatu."

"La nne," akasema, bila kuinua macho. "Julai kwetu kuna baridi, unajua. Atakuja likizo tuchimbe viazi. Sitaki akohoe."

Alisema hivyo kama mtu aliyekwisha kupanga na Mungu mwenyewe. Lakini mishono ilikuwa inamponyoka. Aliuacha mshono mmoja ukaanguka, akauacha wa pili, na huyu ni mwanamke aliyenifundisha kufuma gizani stima zikipotea. Nikamwona alivyokuwa. Alikuwa anaogopa kama mimi, labda kunizidi, na aliogopa tangu mimba ile ya kwanza, peke yake, akiibeba hofu hiyo kwenye kiondo.

"Nipe," nikamwambia. "Wewe mshike unyayo."

Akapangusa mikono kwenye sketi yake, akaingiza kidole chini ya leso, akaupata mguu. Aliinama karibu na kifua changu akisikiliza. Mimi nikaokota mishono iliyoanguka, nikaendelea na mstari, mikono ikipita juu ya mgongo wa mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe si mimi niliyekuwa nahesabu pumzi zake.

Ile sweta nyekundu bado haijamtosha. Mwaka huu nilimjaribisha, ikamfika magotini, akakimbia nayo mpaka balkoni ikanasa kwenye mnyanya. Nilimfokea, tukaitoa pamoja. Lakini akiwa amelala mchana nami nikipita na nguo za kuanika, husimama nikamkuna unyayo. Akivuta mguu, naendelea na kazi zangu.