Lori Lilipolivuta Gari la Mbio Pasiansi

Juzi, wasomaji wangu, nusura safu hii ibaki bila mwandishi. Lori la dagaa lilikuwa limezimika kwenye mlima wa Pasiansi, ziwa likiwa nyuma yake. Rafiki yangu, ambaye soko huria limempatia gari kuukuu la mbio kutoka Marekani, akalifunga lori hilo kamba ili alivute. Mimi nilikaa kiti cha mbele, nikiwapungia watu mkono kama mbunge.

"Ndugu yangu, hilo ni la kukimbia, si la kuvuta!" dereva wa lori alipaza sauti.

"Wewe achia breki, mzee!" rafiki yangu akamjibu.

Akaachia. Injini yetu ikanguruma, matairi yakafuka moshi, nasi tukarudi nyuma. Lori lilikuwa linatuvuta ziwani! Dereva wake akakanyaga breki, haikushika. Rafiki yangu, baba wa watoto sita, akaanza kumwita mama yake.

Binti muuza samaki akakimbia na jiwe, akalitupia nyuma ya gurudumu la lori. Tukasimama. Hakucheka mtu, hata mimi ninayekula kwa kuchekesha.

"Shikamoo," rafiki yangu alimwambia yule binti.

"Marahaba," binti akajibu, akiinama kuokota jiwe la pili. "Usiondoe mguu hapo kwenye breki."