Maree Tregenza haandiki jina lake kirahisi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Port Adelaide, Australia. Maree Tregenza ameketi jikoni, mkono mmoja umeshika mkate uliopakwa Vegemite, ule mpako mweusi wa chumvi, macho hayabanduki kwenye kompyuta. Anasoma barua pepe zilizojaa sifa kwa badiliko jipya la programu, na sifa humtia wasiwasi.

"Watu watano wameshasema 'safi sana' kabla sijanywa chai," anasema. "Nani kalisoma? Hakuna!"

Ndani ya kila kompyuta kuna kiini kinachoendesha kila kitu. Programu ya mtu asiyejulikana ikitaka kuingia humo, hukutana kwanza na mkaguzi, naye ni programu pia, anayefuata kila njia ambayo mgeni huyo anaweza kupita. Maree, mwenye miaka 58, ni mmoja wa wanaomtunza mkaguzi huyo. Badiliko halipiti mpaka mtu aandike chini yake kwamba amelikagua, na jina lake.

Badiliko la leo limetoka kwa Callum Frith, kijana ambaye Maree mwenyewe alimfundisha kazi. Anataka mkaguzi aruhusiwe hatua milioni kumi badala ya milioni moja, ili programu kubwa za watu wema zisikataliwe.

"Watu wema!" Maree anaguna. "Mwizi wala hana haja ya kuingia. Anasimama getini, anamzungusha mlinzi mpaka mlinzi anazimia. Nyumba nzima inakwama."

Ana sababu. Miaka mitatu iliyopita, msimu wa moto wa msituni, alitia jina kwenye badiliko lililosifiwa hivyo hivyo. Kompyuta za kituo kimoja cha simu za zimamoto ziliganda dakika kumi na moja.

"Bibi mmoja alipiga simu mara saba," anasema, na mkate anaurudisha sahanini. Bibi aliokolewa na jirani. Nyumba yake iliteketea. Maree bado anaona aibu, na haifichi.

Anakwenda bandani, alikoweka kompyuta kuukuu kama zile za kituo kile. Analiweka humo badiliko la Callum, kisha anaandika programu ya mistari arobaini, yote njia panda tupu: ikiwa hivi, pita huku; la sivyo, pita kule. Dakika haijaisha, mashine imeganda, na hatua hazijafika hata milioni tano.

Kosa analiona. Kila njia panda, mkaguzi hujiwekea kumbukumbu, nazo hula nafasi ya mashine. Callum alihesabu hatua, akasahau kumbukumbu. Maree anampigia simu.

"Mama, mbona kwangu imepita vizuri tu?"

"Kwako, kwako! Mashine yako ina nafasi kama uwanja wa kriketi, utaona wapi shida?"

"Wewe hata malaika ungemkagua viatu."

"Na soksi! Sikiliza. Nafasi anayokula mkaguzi, ahesabiwe aliyeleta programu. Ikizidi fungu lake, afukuzwe yeye, tusife sisi."

Saa nane mchana toleo jipya linafika. Maree anarudia jaribio. Mgeni anakataliwa kwa sekunde mbili, na mashine ya bandani inaendelea kunguruma.

Mwakani anastaafu. Kabla ya hapo anataka jaribio hili lifanywe kwa kila badiliko, kwenye mashine dhaifu, "ili hata nisipokuwepo, mashaka yabaki."

Simu inalia. Ni Callum tena. "Haya mama, sasa utatia jina?"

"Bado. Mgeni wangu nimemwambia agonge tena na tena, bila kupumzika."

"Mpaka lini?"

Maree anatazama saa ya ukutani. "Dakika kumi na moja."