Nilivyogeuzwa mganga wa presha kwa sababu ya tangazo la dawa la gazeti kuukuu

Wakuu, shikamooni wale wenye haki yake, na wengine mambo vipi.

Nakuja na kisa kilichonipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nitakisema chote, pamoja na pale nilipojiaibisha, maana nikiparuka pale hakuna uzi.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tanga, naishi Buffalo, Marekani, huku kwenye baridi. Kazi yangu ni rangi na ukarabati wa nyumba, ndiyo maana kila mtu ananiita Fundi Rangi. Jumapili naimba besi kwenye kwaya ya Wakongo. Ni Mtanzania peke yangu mle ndani, wananivumilia tu.

Sasa mwaka huu tulipata kazi ya nyumba moja Riverside, karibu na mto. Nyumba ya mbao, ya zamani. Tukabandua plastiki ya sakafu jikoni, chini yake tukakuta magazeti yametandikwa. Yamekuwa ya njano lakini yanasomeka vizuri.

Bosi akasema tupa. Mimi nikakaa chini nikaanza kusoma.

Wakuu, kumbe matangazo ya dawa ya enzi hizo yalikuwa mashairi! Sitanii. Dawa ya ini, dawa ya tumbo, dawa ya mishipa ya fahamu, kila chupa na shairi lake, lina vina na vichekesho. Kuna jamaa ana nyongo mpaka mbwa wake anamkimbia. Kuna mwingine amemnunulia mama mkwe dawa, halafu anajuta kwa sababu mama mkwe amepona na hataki kuondoka.

Ukifika mstari wa mwisho ndipo unaambiwa jina la dawa na duka inakouzwa.

Na chupa moja inatibu kila kitu. Kipara na kuhara, chupa hiyo hiyo.

Nikawakumbuka wale wa kwetu wanaobandika karatasi kwenye nguzo za umeme: mvuto wa mapenzi, kurudisha mali, nguvu za kiume. Tusiwacheke sana wazungu. Hawa walau walijisumbua kutafuta vina.

Basi, damu ya Tanga ikachemka. Lunch nzima sikula, nilikuwa nahesabu mizani kwenye vidole. Lile la mtu wa nyongo nikalileta kwetu hivi:

Mzee wa kijijini, bwana aliyesinyika,
Nyongo imejaa ndani, chakula hakikulika,
Mke kaenda nyumbani, kwa mamake, amechoka,
Chupa moja ya dukani, akanywa, mke kafika!

Ningeishia hapo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Lakini gazeti lilidai kutibu kila kitu, na mimi nikaona niongeze magonjwa ya watu wetu:

Presha, mgongo na pumu, dawa hii inafuta,
Vidonge havina hamu, vitupeni nje ya kuta...

Mnaona mambo hayo? Mtu mzima, ana akili zake, anaandika "vitupeni" kwa sababu ya kutafuta mizani nane.

Halafu likaja kosa lenyewe. Wanaojua ushairi wetu wanajua ubeti wa mwisho mtunzi anajitaja: jina, kwao, anakopatikana. Ndivyo tulivyolelewa. Kwenye gazeti mwisho lilikuwa jina la mwenye duka, mimi nikaliondoa nikajiweka mwenyewe:

Tamati natia nanga, Fundi Rangi wa Bafalo,
Kwetu kwa asili Tanga, dawa ninayo kwa kilo,
Mwenye shida akipanga, anipigie tu halo...

Mstari wa nne ulikuwa namba yangu ya simu. Hapa nimeukata, nimeshajifunza.

Nikatupia kwenye group ya WhatsApp ya kwaya. Group ile ina watu wa miji mitatu: sisi wa Buffalo, wa Columbus na wa Louisville, maana kila mwaka kwaya zinakutana. Watu wa Buffalo wakacheka sana, wananijua.

Wa Columbus hawakucheka. Waliliimba.

Mwalimu wa kwaya kule, mtu wa Bukavu mwenye gitaa, akalipa tuni. Sauti nne, na kina mama wanaitikia "vitupeni, vitupeni". Ilitoka nzuri wakuu, nisiwe mnafiki. Nilisikiliza mara sita nikijipongeza.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki. Kwetu Tanga shairi ni utani mpaka useme siyo utani. Kwa hawa ndugu zangu, kitu kikishaimbwa na kwaya kimeshabarikiwa. Ile voice note ikatoka kwenye group yetu ikaingia group za kina mama, za maombi, za misiba. Nani atasimama kuuliza kama kwaya inatania?

Simu zikaanza. Mmoja wa Columbus anataka ya mgongo. Mwingine anauliza kama natuma kwa posta. Mzee mmoja akataka ile ya kurudisha mke, tena aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nacheka tu, mpaka alipopiga Mama Furaha.

Mama Furaha ni Mkongo, anaishi Louisville, mtaa wa Beechmont. Anapaki mizigo kwenye warehouse, na ana presha ya muda mrefu. Kwenye mkutano wa kwaya aliwahi kunilisha mpaka nikaomba msamaha.

"Fundi Rangi? Bon. Ile dawa ya wimbo, uniwekee chupa mbili. Vidonge nilishatupa, vile wimbo inasema."

Nikasimama na brashi mkononi. Nikamwambia, "Mama, ule ulikuwa utani. Hakuna dawa."

"Donc imeisha?"

"Haijaisha, Mama. Haikuwahi kuwepo."

"Aaa. Ba Columbus bamekamata yote." Yaani wa Columbus wamezichukua zote; kwa Wakongo "wa" yetu ni "ba".

Kila nilivyokana, ndivyo dawa ilivyozidi kuwa kali. Mtu mwenye kitu kizuri siku zote anasema hana, hilo hata mimi nalijua.

Baada ya siku mbili akanipigia binti yake, Furaha, mdada anayefanya kazi ya kutunza wazee. Yeye na mimi tunaongea kwa Kiingereza chake na Kiswahili changu.

"Uncle, she got dizzy at work. They sent her home. She's not taking her meds because of your song."

Nikajitetea kwamba wimbo ni wa Columbus.

"Uncle. It has your phone number in it."

Niliogopa, wakuu, na sioni aibu kulisema. Presha imeshatuulia watu wengi. Niliona picha ya kwaya yote imevaa nyeusi Louisville, na mimi nimekaa kiti cha nyuma, na kila mtu anajua nani alitunga.

Nikaomba off, nikachukua lile gazeti nililolitunza, nikawasha gari asubuhi. Furaha akasema atapiga simu kliniki wakati mimi niko njiani.

Nilipita Columbus kumwomba mwalimu wa kwaya aufute wimbo. Akashika kichwa.

"Fundi, iko kwa programu ya siku ya Mungu. Batu banaipenda."

"Basi ondoa ubeti wa vidonge."

"Ile njo iko na chorus!" Yaani ndiyo yenye kiitikio.

Mwishowe akakubali kutuma voice note: Fundi anasema dawa haiko. Kabla sijamaliza chai, group imejaa emoji za kulia na watu wanaomba Mungu dawa irudi. Nikaona hapa hapaponi kwa simu, nikaendelea na safari.

Nilifika Beechmont jioni. Mama Furaha alikuwa amelala kwenye sofa, uso umemvimba, lakini alikuwa ameshapika. Hukai kwake ukazungumza jambo lolote kabla ya kula sombe, kisamvu chao. Nikala, nikakunjua gazeti, nikamwonyesha picha ya mzungu mwenye masharubu anacheza ameshika chupa. Nikamsomea shairi lote, la Kiingereza na la kwangu, nikamweleza nilivyoliiba na kuliongezea uongo. Nikamwomba radhi.

Akamwangalia yule mzungu kwa muda.

"Na huyu monsieur, alipona?"

"Mama, huyu alishakufa zamani. Na mke wake, na mwenye duka."

"Ata benye habakukunywa balikufa."

Nikalikunja gazeti.

Furaha akaja na kichupa kipya cha vidonge. Nesi wa kliniki alishamwambia kwenye simu mama aanze tena leo, na kesho aje apimwe. "Mom, it's for your blood pressure. It says right here."

Mama Furaha akanigeukia.

"Unaona? Mutoto na chupa, bote banasema na miye Kingereza."

Kisha akakaa vizuri.

"Fundi, miye siko mujinga. Wimbo ni wimbo, nilijua. Lakini tangu tufike hii inchi, ni wewe wa kwanza kusema presha yangu mu luga yangu, nikasikia yote. Hii kidonge inanikojolesha ku kazi, chef wa warehouse anahesabu mara ngapi natoka. Nikawaza inaniharibu figo. Nitauliza nani? Ule mutafsiri wa simu anasema mbio mbio. Miye najibu yes, yes."

Miaka yote yule mama ananijua, nimekula kwake, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja anatumia dawa gani.

Furaha akampigia nesi wa zamu, nami nikamweleza Mama alichosema nesi, kwamba hicho kidonge kazi yake ni kutoa maji mwilini, si kwamba kinaharibu figo, na kesho wataangalia namna kisimsumbue kazini.

Halafu nikachukua kichupa. Nikavaa miwani. Nikasoma ile karatasi iliyobandikwa, kwa Kiswahili:

"Kunywa kidonge kimoja, kwa mdomo, kila siku asubuhi, kwa ajili ya presha. Usiache bila kumuuliza daktari."

Hakuna vina wala mizani, ubeti mbovu kabisa.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka nyumbani. Aliniomba mara ya tatu, na hiyo ya tatu alikuwa anatamka pamoja nami. Kisha akafungua mkono, Furaha akamwekea kidonge, akameza na maji.

"Kumbe ni hivi tu inasemaka," akasema, akajifuta macho.

Wakuu, funzo langu. Utani ni mtamu, lakini usitanie na dawa ya mtu ambaye huijui afya yake. Na wale mnaonifuata inbox kuulizia ile ya kurudisha mke, nawablock wote.

Lingine ndilo lililonikaa rohoni. Niliendesha gari kutwa nzima kwenda kupambana na uongo wangu, kumbe aliyeshinda ni karatasi ya kichupa, na nyingine kama hiyo ilikuwepo kwake miaka yote ikisubiri mtu wa kuisoma.

Karibuni mchangie, hata matusi nitayapokea, nimeyastahili. Ila wenye wazazi huku ughaibuni, kabla hujaandika comment, inuka kwanza. Kamata kichupa cha mama, kaa karibu naye, msomee.