Jogoo wa Shingo Tupu Kutoka Ndabibi

Mama alikuwa amebaki na kuku makoo wawili tu wa shingo tupu, wa ile mbegu aliyopewa na mama yake siku alipoolewa. Ugonjwa ulikuwa umewamaliza wengine, majogoo wote wakiwemo. Miaka ile ya hamsini kila boma la kwetu upande wa Nakuru lilikuwa limekimbilia majogoo weupe wa kizungu. Mama hakutaka hata kuwaona. Alitaka jogoo mwenye shingo nyekundu, tupu kabisa. Akiwa na hata kishada kidogo cha manyoya pale mbele, basi huyo amechanganywa. Na makoo wetu walikuwa wanazeeka.

Niliposikia kanisani kwamba kuna mama mmoja Ndabibi mwenye jogoo kama huyo, niliruka. Nilikuwa msichana mkubwa, mwenye miguu na mdomo. Nikapanda gari la moshi mpaka Naivasha, kisha lori la maziwa, nikiimba njia nzima hadi dereva akaniomba nipumue.

Jogoo nilimwona kabla ya mwenyewe. Alikuwa amesimama juu ya mkokoteni, shingo inang'aa, hana unyoya hata mmoja pale mbele. Nilitamani kumkumbatia hapo hapo! Lakini mgeni mwenye adabu hasemi shida yake kabla ya kula, nami nilikuwa nimelelewa. Nikaketi, nikanywa chai, nikauliza habari za mvua, za ng'ombe, za mahindi, huku nikichungulia mlangoni. Yule mama alifurahi kweli kupata mgeni. Akatoka nje.

Mara nikasikia mbio na makelele ya kuku. Kutazama, namwona ana kisu mkono mmoja na jogoo wangu mkono wa pili. Mgeni wa mbali huchinjiwa jogoo, na jogoo pale alikuwa huyo mmoja.

Adabu ikaniponyoka. "Mama, usichinje! Mimi sili kuku!"

"Huli kuku? Kwani wewe ni mgonjwa?"

"Sili kabisa! Tangu utotoni!"

Akanihurumia, akanipikia ugali na kabichi. Nilipomaliza na kunawa, ndipo nikasema kilichonileta.

Alinikazia macho. "Mtu hali kuku, na anataka jogoo wa nini?"

Nikamweleza yote: mama, makoo wawili, uongo wangu. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma.

"Mchukue," akasema akijifuta machozi. "Lakini tetea wa kwanza ni wangu."

Vifaranga walipototolewa kwetu, mama aliwatoa mmoja mmoja chini ya koo aliyewaatamia, bado wamelowa, akiwapapasa shingo kwa kidole. Tupu. Tupu. Wote tupu! Yeye asiyecheza hata arusini alishika leso yake juu, akazunguka kibanda cha kuku akicheza peke yake, akiita, "Mama, wapo! Njoo uone, wapo!" Na mama yake tulikuwa tumeshamzika zamani.