Nguzo ya Zege kwenye Kibanja cha Watu

Nikiulizwa kwa nini darubini yangu iko mvunguni mwa kitanda, hujibu kwamba huku Kamuli mawingu ni mengi. Uongo mtupu. Iko mvunguni kwa sababu ya nguzo niliyoijenga Nyaishozi, na kinyongo cha nguzo ile bado ninacho.

Nilikuwa nikifundisha huko, nimepanga vyumba viwili vya uani kwa mama mmoja mjane. Mumewe alimwachia nyumba, migomba na mibuni kidogo. Watoto wake wote ni mabinti, wameolewa mbali. Kwa desturi ya pale kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba, ni cha ukoo, na shemeji yake mkubwa alikuwa akikimezea mate tangu siku ya matanga. Alipita kila asubuhi kukagua mikungu kana kwamba yeye ndiye aliyeipanda. Mama aliniambia mwenyewe tukimenya ndizi: "Mwanangu, hawa wanasubiri nikosee kidogo tu, wanitoe."

Darubini niliinunua mtumba, na miguu yake mitatu ilikuwa balaa. Udongo wa mgombani ni laini, umejaa majani yaliyooza, ukisimamisha kitu kinazama. Nikiipata Zohali na pete zake, nikipumua tu, inaruka kama senene. Niliweka matofali, yakalala upande. Nikaleta mawe mapana, mvua ikayachimba. Nikahamia barazani, lakini mama akipita na ndoo, sayari nzima inatetemeka. Dawa ilibaki moja: nguzo ya zege iliyochimbiwa mpaka kwenye udongo mgumu, mbali na msingi wa nyumba, hatua za watu zisiifikie.

Mpangaji hachimbi ardhi ya watu hivi hivi, nikaenda kuomba. Nikaamkia, nikaeleza. Mama akacheka. "Kumbe mnasoma mpaka nyota! Chimba, mwalimu." Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, mahali ambapo migomba ilianguka na anga linaonekana vizuri. Akapiga ardhi kwa kisigino. "Hapa," akasema. Kisigino kile sitakisahau.

Nikachimba. Nikasimamisha bomba la plastiki, nikatia nondo, nikashindilia zege, na juu nikachomeka boliti za kushikia kichwa cha darubini. Niliifunika kwa magunia na kuinywesha maji asubuhi na jioni isije ikapasuka. Majirani, wanaonasa senene usiku kwa mwanga wa taa, hawakuniacha. "Mwalimu, mtego wa senene huo? Mbona hauna taa?" Nilicheka nao. Zege lilipokomaa nikafunga darubini, jioni, vyombo vya chakula bado viko nje. Haikutikisika hata kidogo. Nikamwita mama. Aliinama, akachungulia, kisha akamshukuru Mungu kwa Kinyambo na akakataa kunipisha. Nilifurahi, jamani, furaha ambayo sijaipata tena.

Kisha shemeji akapita na kuiona. Kule zege haliingii mgombani bila maana. Likiingia, ni kaburi la mwenye kibanja, au ni alama ya mpaka ya aliyenunua. Mpangaji hapandi hata mbuni, sembuse nguzo. Akaizunguka, akaipiga teke, akatangaza njia nzima kwamba mjane amemuuzia mgeni ardhi ya ukoo. Mgeni! Nimezaliwa Igurwa. Wazazi wangu walitoka Burundi kuja kulima vibarua, na neno hilo nalisikia tangu nanyonya.

Ukoo ukakaa pale uani, kwenye mabenchi, na pombe ya ndizi katikati. Nilipomwambia shemeji, "Shikamoo mzee," aligeuza uso. Akamuuliza mama, "Nani alimruhusu huyu kujenga?"

Mama akaangalia mikono yake. "Sijui. Niliamka nikaikuta."

Loo! Alinikana mchana kweupe, nimesimama mbele yake. Nilikuwa na habari ya kisigino mdomoni kabisa. Lakini nikiitoa, ndiyo ushahidi kwamba ameuza, na jioni hiyo hiyo analala nje. Nikaimeza. Nikasema nilijenga kwa kiburi changu, sikumwomba mtu. Wakaguna. Wakaniambia nihame.

"Nitahama," nikasema, "ila nipeni nafasi niing'oe kwanza."

"Iache," shemeji akasema haraka. "Kilichoingia kwenye ardhi ya ukoo ni cha ukoo."

Siku ya kupakia vitu mama hakutoka ndani. Nilimwona akichungulia dirishani, akarudisha pazia. Nilimchukia, haki ya Mungu. Njia nzima hadi Kamuli nilijifariji kwa jambo moja: basi, angalau kibanja chake kimepona.

Mwaka huu nilipita Nyaishozi, nikasema acha nimsalimie, hasira na yote. Sikumkuta barazani, nikazunguka nyuma ya jiko. Nguzo yangu ipo. Boliti zimeota kutu. Kuanzia pale, kulia na kushoto, wamepanda mstari wa mulamula, ile miti myembamba ya kuwekea mpaka, ukakata kibanja katikati. Ng'ambo yake vibarua wa shemeji walikuwa wakikata mikungu. Ukoo ulikuwa umeamua kwamba mjane abaki na upande wa nyumba, na upande wa pili uende kwa shemeji, kwa kuwa alama ya mpaka ilishakuwepo.

Mama alikuwa amekaa chini upande wake, jembe mapajani. Udongo wa kuzunguka nguzo ulikuwa umechimbuliwa, ukarudishwa, ukachimbuliwa tena.

"Shikamoo mama."

Aliitikia kwa sauti ya chini, bila kuniangalia usoni.

"Nimejaribu kuing'oa, mwanangu," akasema. "Haitikisiki."